Mizani na Idadi: Uhakiki wa Maneno ya Hesabu ya Kemia kwa Mfano wa Risasi ya Mpanda

Makusudi ya makala haya ni kuyapima maneno ambayo kwayo msemaji wa Kiswahili huambiwa habari ya hesabu moja iliyo msingi wa kemia: hesabu ya kujua moli moja ya kampaundi ina gramu ngapi. Hesabu yenyewe si ngumu. Ni kuzidisha na kujumlisha, na mtoto aliyemaliza darasa la saba aiweza. Ugumu uko katika maneno. Na maadamu maneno ndiyo shamba letu sisi wasomaji wa kurasa hizi, si vema kuwaachia wanakemia walilime peke yao.

Vitabu vya shule vimezoea kutoa mfano wa maji au wa chumvi. Hapa nachagua jiwe la Mpanda, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni jiwe lililoukuza mji. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi huko katika miaka ya 1950, pamoja na shaba, fedha na dhahabu zilizoandamana nayo. Na tawi la reli litokalo Kaliua lilipelekwa Mpanda kwa ajili ya mgodi huo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na tangu mwaka 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa. Sababu ya pili ni ya lugha: jiwe hilo lina tabia moja ambayo maji hayana, na tabia hiyo hulifichua kosa kubwa lililomo katika istilahi zetu, kama nitakavyoonyesha mbele.

Jiwe hilo huitwa galena. Ni zito mno kwa ukubwa wake, la rangi ya kijivu, na likivunjwa hung'aa kama chuma kilichokatwa sasa hivi, vipande vyake vikitoka na pembe za mraba. Ndani yake idadi ya atomu za risasi ni sawa na idadi ya atomu za salfa, na kwa hiyo wanakemia huandika PbS. Uzani wa atomu ya risasi ni 207.2 na wa salfa ni 32.06, kwa kipimo ambacho atomu ya kaboni-12 ina 12 kamili. Tukijumlisha twapata 239.26. Basi moli moja ya galena ni gramu 239.26, na katika kila gramu 100 za galena safi risasi ni gramu 86.6. Mwenye mgodi ajuaye hayo ajua pia kuwa tani moja ya galena safi haiwezi kumpa zaidi ya kilo 866 za risasi, awe na tanuri la namna yoyote.

Hiyo ndiyo hesabu. Sasa tuyatazame maneno.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ni kazi inayostahili heshima, na yeyote anayetaka kuikosoa yampasa akumbuke jinsi mwalimu wa sayansi alivyokuwa na pachache pa kushika kabla yake. Lakini kamusi ya istilahi, hata ikiwa nzuri namna gani, huyapanga maneno kama askari gwarideni: la kigeni upande huu, letu upande ule, kila moja likisimama peke yake. Hesabu haiendi hivyo. Hesabu ni sentensi. Neno huweza kusimama vizuri katika orodha, kisha likaanguka mara tu lipewapo kazi katika sentensi pamoja na wenzake. Na jaribio hilo la pili ndilo ambalo istilahi zetu za kemia hazijapewa la kutosha.

Tuanze na moli. Neno hili lilitiwa katika kemia na Mjerumani Wilhelm Ostwald mwishoni mwa karne ya 19, na maana yake leo ni idadi. Moli moja ya kitu chochote ni chembe 6.02214076 × 10²³ za kitu hicho, yaani sita ikifuatwa na tarakimu ishirini na tatu; na idadi hiyo ndiyo iliyowekwa kuwa fasili ya moli katika vipimo vya kimataifa tangu tarehe 20 Mei 2019. Kabla ya hapo moli ilifasiliwa kwa gramu 12 za kaboni-12, na kamusi zilizochapwa kabla ya mwaka huo hazina budi kusahihishwa mahali hapo. Mabadiliko haya yatufaa sana, kwa kuwa fasili ya zamani ilimwelekeza msomaji adhani kwamba moli ni uzito, ilhali fasili mpya yatamka waziwazi kuwa ni hesabu ya vitu.

Na hesabu ya vitu kwa mafungu si jambo geni kwetu. Lugha ina neno la kale, korija, ambalo ni ishirini. Wafanyabiashara wa pwani waliuza boriti kwa korija na nguo kwa korija. Korija ya boriti haichukuliki na mtu mmoja, korija ya kanga yachukulika begani. Walakini zote mbili ni ishirini, wala hakuna aliyewahi kubisha kwamba korija ya boriti ni kubwa kuliko korija ya kanga kwa sababu imemlemea hamali. Mtu aliyelifahamu hilo amekwisha kuifahamu moli. Moli ya risasi ni gramu 207.2, moli ya salfa ni gramu 32.06: uzito mbalimbali, idadi moja. Sisemi kwamba moli iitwe korija, kwani korija ina idadi yake na haifai kuporwa. Nasema kwamba fasili ya moli katika kamusi ya Kiswahili ingeanzia kwenye korija ingeeleweka katika sentensi moja, ilhali fasili iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza huhitaji kufasiliwa tena.

Pishi nayo ina la kusema. Pishi ya mtama na pishi ya chumvi hujaza chombo kimoja na hazilingani uzito. Mwitalia Amedeo Avogadro alisema mwaka 1811 kwamba gesi mbalimbali zikijaza vyombo vya ukubwa mmoja, kwa joto moja na kanieneo moja, zina idadi moja ya chembe. Hiyo ni pishi ya gesi, na faida yake ni kwamba mpimaji wa gesi ajua idadi kwa kutazama chombo.

Kabla ya kuiacha moli, neno juu ya herufi ya mwisho. Iandikwe moli, isiandikwe mola. Mwalimu akisema "tungamo la mola", darasa litasikia jina la Mwenyezi Mungu. Na darasa ambalo limekwisha kuangua kicheko, au ambalo limekunja uso kwa haki, halirudi upesi kwenye hesabu.

Lakini neno lililo tajiri kuliko yote katika habari hii halimo kabisa katika orodha za kemia, nalo ni mizani. Kwa mfanyabiashara mizani ni chombo chenye vitanga viwili. Kwa mshairi mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, na K. Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954, aliihesabu miongoni mwa sheria ambazo shairi halisimami bila ya hizo. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na Waarabu nao hulitumia neno la uzito kwa mwendo wa mashairi. Ila wao hutazama silabi ndefu na fupi, na sisi twahesabu tu. Kwa hiyo katika Kiswahili kupima na kuhesabu vimekutana katika neno moja kwa namna iliyo wazi. Mshairi ahesabu, na kuhesabu kwake akuita mizani. Mkemia ni kinyume chake: atia galena katika kitanga, apata gramu 478.52, agawanya kwa 239.26, na ajua kuwa ana moli 2 barabara. Hakuweza kuzigusa atomu moja moja kwa kidole, basi amezihesabu kwa mizani. Hesabu yote tunayoizungumza ina kazi hiyo moja tu, ya kuufanya uzito uwe idadi. Na lugha iliyokwisha kuviunganisha viwili hivyo haikustahili kuambiwa kwamba haina maneno ya sayansi.

Sasa nafika kwenye kosa nililolitaja. Waandishi wengi, wakitaka kutaja jumla ile ya 239.26, husema ni "uzito wa molekuli" au "tungamo la molekuli". Kwa maji hapana taabu. Atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni hufanya kundi dogo, kundi hilo huenda pamoja, na hilo ndilo molekuli. Lakini katika galena kila atomu ya risasi imezungukwa na atomu sita za salfa, na kila atomu ya salfa imezungukwa na sita za risasi, na mpangilio huo haukatiki mpaka kwenye ukingo wa jiwe. Iko wapi molekuli? Haiko. Chumvi ya Uvinza, kaskazini-magharibi ya Mpanda, imepangika vivyo hivyo hasa, sodiamu na klorini zikishika mahali pa risasi na salfa. Mwanafunzi aambiwapo atafute tungamo la molekuli ya chumvi ameambiwa atafute uzito wa kitu ambacho hakipo, na akiwa mwerevu atauliza, na swali lake litamtia mwalimu mashakani.

Kosa hili hatukulianza sisi. Wazungu wenyewe walisema hivyo muda mrefu, na wengine wangali wakisema. Lakini wao wana kisingizio cha mazoea ya zaidi ya karne nzima, na sisi tulipolichukua neno tulikuwa bado hatuna mazoea yoyote, tungaliweza kuchagua. Bado twaweza. Jumla ile iitwe tungamo la moli, nayo itafaa kwa maji, kwa chumvi, kwa galena na kwa dhahabu pia. Molekuli ibaki pale ilipo molekuli. Na pahitajiwapo kutaja fungu moja tu la PbS bila ya kulihesabu moli nzima, itoshe kusema tungamo la fomula.

Juu ya tungamo lenyewe nina shaka, lakini si shaka ya kulikataa. Limetokana na kutungama, na damu ndiyo hutungama, na maziwa. Kwa hiyo asikiaye kwa mara ya kwanza hufikiri donge. Tena ngeli yake haijatulia: huyu asema tungamo la, yule tungamo ya. Lakini limekwisha kuingia katika vitabu vya shule za msingi, na wanafunzi wamelizoea pamoja na tofauti yake na uzito, na neno lililokwisha kufanya kazi darasani lisifukuzwe kwa sababu ya ukoo wake. Tofauti hiyo ni ya kweli. Mizani ya kuning'iniza yenye springi hupima jinsi dunia ilivutavyo jiwe. Mizani ya vitanga viwili hulinganisha jiwe na jiwe, na ulinganisho huo ni ule ule popote upelekapo mizani. Cha pili ndicho mkemia akitakacho. Hivyo katika sentensi ya hesabu tuandike tungamo, na uzito tuwaachie wenye maduka. Uzani nao, ambao baadhi ya waandishi huutumia kwa atomu, nimeutumia hapo juu na nauona wafaa kwa maana moja tu: ile namba tupu, isiyo na gramu, ambayo kila elementi huandikiwa katika jedwali.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusumbuke, ikiwa somo la moli hufundishwa katika shule za sekondari, na huko lugha ni Kiingereza. Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania bara, na kwamba Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kuwa kiendelee hadi sekondari pendekezo hilo halikutekelezwa. Lakini apitaye karibu na dirisha la darasa asikia jambo jingine. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili, kwa kuwa ataka kueleweka. Maneno ya kueleza huyatunga hapo hapo, chaki mkononi, bila ya kamusi wala mhakiki. Kwa hiyo kemia ya Kiswahili ipo na hufundishwa kila siku, ila haichapwi, na isiyochapwa haisahihishwi. Hiyo ni hasara ya mwanafunzi, na ni hasara yetu pia, kwani katika vinywa vya walimu hao hapana shaka mna istilahi nzuri kuliko nyingi tulizoziunda mezani.

Majina ya metali nayo yana matata yake. Risasi ni metali na ni kitu kitokacho katika bunduki, na kalamu ya risasi haina risasi hata chembe, wino wake ni kaboni. Lakini hayo hayamdhuru mtu, sentensi huyapambanua. Shaba ndiyo yenye taabu. Watu huita shaba metali nyekundu, na huita shaba pia ile ya manjano ambayo imechanganywa na zinki. Ya kwanza ni elementi, ina uzani wake 63.55. Ya pili haina, wala haiwezi kuwa nao, kwa sababu ni mchanganyiko, na fundi huweza kuzidisha zinki au kuipunguza kama apendavyo. Bati ni vivyo hivyo: jina la elementi, na jina la paa la nyumba ambalo ni chuma kilichopakwa zinki. Hapo ndipo waonekana ubaya wa kutumia neno mchanganyiko kwa maana ya kampaundi, kama wafanyavyo wengine. Mchanganyiko hauna tungamo la moli lililo moja, kampaundi inalo. Tofauti hiyo ndiyo roho ya hesabu yetu, na neno linaloifuta halifai. (Muungano lingekuwa neno bora kuliko kampaundi, maana vitu viwili vilivyoungana vimezaa cha tatu, lakini tangu mwaka 1964 neno hilo lina kazi nyingine na herufi kubwa.)

Katika majina ya kampaundi, kwa upande mwingine, Kiswahili kimebahatika. Galena ikikaa karibu na uso wa ardhi, hewa na maji huigeuza polepole, kutoka salfaidi ya risasi kuwa salfeti ya risasi, PbSO₄, au kaboneti ya risasi, PbCO₃. Tungamo la moli la salfeti ni gramu 303.26 na la kaboneti ni gramu 267.21, risasi katika ya kwanza ni asilimia 68.3 na katika ya pili asilimia 77.5, ilhali katika galena ilikuwa 86.6. Tofauti hizo ni fedha nyingi kwa mwenye kununua mawe, na zote zimebebwa na mwisho wa neno: -aidi hapana oksijeni, -eti oksijeni ipo, na -aiti oksijeni imepungua. Mwingereza akinena haraka huzimeza silabi hizo za mwisho. Sisi hatuna desturi ya kumeza irabu, na salfaiti haiwezi kusikika kuwa salfeti hata na aliye mbali.

Kuhusu kusoma alama, machache tu. Tarakimu iliyo chini ya mabano isomwe kwa mara. Naitreti ya risasi, Pb(NO₃)₂, ni risasi moja na naitreti mara mbili: 207.2, na 62.004 mara mbili, jumla 331.21. Neno mara lasema hasa kinachotakiwa kufanywa. Na "gramu kwa moli" iandikwe "gramu kwa kila moli", kwa sababu kwa peke yake yaweza kuwa ya kuzidisha au ya kugawanya, na mwanafunzi hukisia.

Limebaki jambo la kitenzi, nalo latutoa darasani. Katika Katavi leo risasi haichimbwi kama zamani. Wachimbaji wadogo wafuata dhahabu, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Metali hizi mbili ni jirani katika jedwali, uzani wa dhahabu 196.97 na wa zebaki 200.59, hivyo kwamba donge lenye gramu sawa za kila moja lina karibu idadi sawa ya atomu za kila moja. Donge hilo huwekwa motoni, zebaki ikatoweka, dhahabu ikabaki, na kazi hiyo huitwa kuchoma. Kitenzi hiki chadanganya. Kitu kilichochomwa, kwa Kiswahili, kimeungua na kwisha. Baada ya kuchoma takataka hapana takataka. Zebaki haiungui. Gramu moja yake ina atomu zipatazo 3 × 10²¹, na baada ya moto atomu hizo ni zile zile kwa idadi, ila zimo hewani, na katika mapafu ya aliyeinama juu ya kikaango, na baadaye mtoni. Mkataba wa Minamata wa kuipunguza zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lakini anayeshika kikaango huongozwa na kitenzi alicho nacho mdomoni, na kitenzi hicho chamwambia kwamba zebaki imekwisha.

Kitenzi cha kweli kipo, ni kuvukiza. Wanawake wa pwani huvukiza udi chini ya nguo, na hakuna hata mmoja wao adhaniye kwamba udi umekwisha. Wajua umehamia katika kitambaa. Katika kamusi ijayo ya kemia, chini ya neno zebaki, naomba baada ya uzani wake ichapwe kwamba huvukizwa, haichomwi.